Umoja Bila Ubishi, Ubishi Bila Umoja

Ferdinand Nahimana alikuwa mwalimu wa historia wa chuo kikuu. Alipata shahada yake ya udaktari Paris, akarudi kufundisha katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda, kisha akawa miongoni mwa waasisi wa RTLM, redio iliyochochea mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Léon Mugesera, ambaye hotuba yake ya Novemba 1992 mjini Kabaya ilikuja kumpeleka gerezani, naye alikuwa mhadhiri na mtaalamu wa isimu. Hawa hawakuwa watu wa kijijini waliodanganywa na uvumi. Walikuwa mazao bora ya mfumo wa elimu wa nchi yao, na ustadi wao wa kuisimulia historia na kuichezea lugha ndio uliowafanya wawe hatari.

Naanza nao kwa sababu kila nchi ya kwetu inapopasuka, dawa ya kwanza kutajwa na viongozi wa dini, wafadhili na wahariri ni kwamba wananchi waelimishwe. Kana kwamba waliopasuana walikuwa hawajasoma. Kenya ya Desemba 2007 ilikuwa na shule za msingi bila ada tangu 2003, vyuo vikuu vilivyojaa, magazeti kila kona, na wabishi wa Bunge la Mwananchi waliokutana bustani ya Jeevanjee, Nairobi, kuchambua siasa kuanzia asubuhi hadi jua linapozama. Wiki chache baada ya matokeo ya urais kutangazwa, watu 1,133 walikuwa wameuawa kwa hesabu ya tume ya Jaji Philip Waki, na mamia ya maelfu wamekimbia makwao. Basi tuulize elimu ipi, na inamzoeza mtu kufanya nini anapokutana na asiyefanana naye.

Ushahidi mmoja mzuri uko karibu. Mwaka 2004 mchumi wa Marekani Edward Miguel alichapisha utafiti uliolinganisha wilaya mbili za vijijini: Busia, magharibi mwa Kenya, na Meatu, iliyokuwa wakati huo ndani ya mkoa wa Shinyanga, Tanzania. Aliangalia jambo dogo lisilo na fahari yoyote, yaani michango ya wenyeji kwa shule ya msingi. Busia, kadiri makabila yalivyochanganyika katika eneo moja ndivyo michango ilivyopungua. Kamati ya shule haikuwa na ubavu wa kumwaibisha mzazi wa kabila jingine aliyekataa kutoa. Meatu mchanganyiko huo haukupunguza kitu. Wilaya mbili ni chache, na Meatu Wasukuma ndio wengi, kwa hiyo utafiti huo usibebeshwe mzigo usio wake. Hata hivyo maelezo ya Miguel yana mashiko: tofauti ilitokana na siasa ya makusudi ya kujenga taifa, na siasa hiyo ilipitia zaidi shuleni.

Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, Rais Nyerere wa Tanzania alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea mwezi uliofuata. Watu wengi huukumbuka kwa majembe na mashamba ya shule. Kilichodumu ni kingine. Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali. Kijana wa Bukoba alipangiwa sekondari ya bweni Songea, wa Mtwara akapelekwa Moshi, kisha wakakutana tena Jeshi la Kujenga Taifa wakila ugali wa sahani moja. Watu wazima nao hawakuachwa. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na vikundi vya kusikiliza redio vikaundwa kwa kampeni kama Uchaguzi ni Wako mwaka huohuo na Mtu ni Afya mwaka 1973, iliyofikia watu karibu milioni mbili. Walisikiliza, wakajadili, wakaenda kuchimba vyoo. Si rahisi kutaja serikali nyingine ya Afrika ya wakati ule iliyofanya bidii kiasi hicho kumfanya mwanakijiji ajione raia.

Bei yake ilikuwapo. Oktoba 1966 wanafunzi wapatao 400 walioandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa walifukuzwa chuoni na kurudishwa makwao. Mwaka 1970 jarida la wanafunzi Cheche, ambalo liliukosoa ujamaa kwa kuuona haujafika mbali vya kutosha, lilipigwa marufuku. Mwaka 1978 wengine waliandamana kupinga marupurupu ya wabunge na mawaziri, wakafukuzwa vilevile. Somo la Siasa lilimpa mtoto majibu ya chama, na mtihani ukapima kama ameyakumbuka. Ajabu ni kwamba chuo hichohicho cha Dar es Salaam, enzi za mwanahistoria Walter Rodney, kilikuwa na mijadala mikali kuliko karibu chuo chochote barani. Kuubishia ubeberu wa mbali kuliruhusiwa; kuibishia ofisi ya jirani, hapana. Watanzania wakajifunza kuitana ndugu bila kujifunza namna ndugu wanavyopingana hadharani na bado wakabaki ndugu. Uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, ulioishia kwa risasi, amri ya kutotoka nje na intaneti kuzimwa, umetokea katika nchi iliyojivunia kwa miaka 60 kutokuwa na ukabila. Ufa ulitokea mahali ambapo hapakuwa na mlinzi, kati ya anayetawala na anayehoji.

Kenya ilikwenda njia nyingine. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 iliuweka umoja wa taifa mbele kabisa katika malengo ya elimu, na lengo hilo limenakiliwa tangu hapo. Muundo ulisema vingine. Shule za harambee zilijengwa na wenyeji kwa ajili ya wenyeji, hivyo waliokuwa na kahawa, chai na mwanasiasa mzito walipata nyingi, na watu wa kaskazini wakaambulia chache. Katikati ya miaka ya 1980 ukaja utaratibu wa kutenga asilimia 85 ya nafasi za sekondari nyingi kwa watoto wa eneo husika. Nia ilikuwa njema, kuwalinda wenyeji wasifungiwe nje ya shule walizozijenga wenyewe. Lakini mtoto aliweza sasa kuanza darasa la kwanza na kumaliza kidato cha nne bila kukaa dawati moja na mtu wa jamii nyingine. Vyuo vikuu vikafuata mkondo huo, na ukaguzi wa Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha jinsi ajira katika vyuo vingi vya umma zinavyoelemea kabila la mahali chuo kilipo. Ubishi haujawahi kukosekana Kenya. Unafanyika ndani ya kambi, redioni na mazishini, kwa lugha ambayo wa kambi ya pili haielewi au hakualikwa kuisikia.

Hapa ndipo falsafa inapoingia, wala haihitaji kufuatwa Athens. Henry Odera Oruka, mzaliwa wa Ugenya aliyesomea Uppsala nchini Sweden, alianza mwaka 1974 akiwa Chuo Kikuu cha Nairobi kazi ambayo baadhi ya wanafalsafa wenzake waliiona haina hadhi: kwenda vijijini na kinasa sauti kuwahoji wazee. Methali hakuzifuata. Alitaka kuwajibu waliosema kwamba Mwafrika hana falsafa ya mtu mmoja mmoja, kwamba fikra zake ni imani ya ukoo mzima isiyo na mwenyewe. Katika kitabu chake Sage Philosophy cha mwaka 1990 aliwagawa wazee hao makundi mawili. Wa kwanza anaijua hekima ya watu wake yote na kuieleza kwa ufasaha, ila ukimwuliza kwa nini iwe hivyo, anairudia. Ogotemmêli, mzee wa Wadogon wa Mali aliyewapa Wafaransa maelezo marefu ya asili ya ulimwengu, Oruka alimweka hapo. Wa pili anaijua hekima hiyohiyo, kisha anaipima, anaikubali hii na kuikataa ile, na kutoa sababu zake mwenyewe.

Mfano wake mkubwa wa kundi la pili ni Paul Mbuya Akoko. Mbuya alimwambia kwamba Wajaluo wa kale walikosea kudhani Mungu wao ni wao peke yao, na kwamba Wazungu waliodhani vivyo hivyo walikosea pia, kwani Mungu ni mmoja. Maneno hayo hayakutoka kwa mtu aliyeukimbia ukoo wake. Mbuya alikuwa amewahi kuwa Ker, kiongozi wa heshima wa Wajaluo. Mahubiri mengi ya utangamano humtaka mtu alivue kabila lake mlangoni kabla ya kuingia kwenye taifa, na watu hawalivui, au wanalivua mchana na kulivaa usiku wa kuhesabu kura. Mbuya anaonyesha jambo linalowezekana zaidi: mtu kubaki ndani na kuhoji akiwa ndani. Kwa maoni yangu, huo ndio mchango ambao falsafa inaweza kuupa demokrasia ya jamii iliyogawanyika, na sioni mwingine unaoukaribia.

Oruka mwenyewe alipimwa hadharani. Wakili S. M. Otieno alipofariki Nairobi Desemba 1986, mjane wake Wambui, Mkikuyu, alitaka kumzika kwenye shamba lao nje ya jiji. Ukoo wa Umira Kager ukasema atazikwa Nyalgunga, Siaya. Mvutano ulidumu miezi mitano na nchi nzima iliufuata magazetini. Oruka alitoa ushahidi mahakamani upande wa ukoo. Wapo waliosikitika kumwona mwalimu wa kuhoji akiitetea mila dhidi ya mjane, nami upande aliouchukua sikuupenda. Lakini kesi yenyewe ilikuwa somo la uraia ambalo hakuna kitabu cha shule kimelikaribia. Mila ililazimika kula kiapo, kujieleza kwa maneno ambayo hakimu na msomaji wa kabila jingine wangeyaelewa, na kuvumilia maswali ya wakili wa upande wa pili. Ukoo ulishinda, na Otieno akazikwa Nyalgunga Mei 1987. Hoja za Wambui hazikushindwa kabisa; wanasheria na wanaharakati wa haki za wanawake wamezirejea mara nyingi tangu hapo.

Kuna falsafa nyingine inayotajwa sana katika mazungumzo haya, nami nina wasiwasi nayo. Kwasi Wiredu wa Ghana aliona kuwa demokrasia ya vyama, inayompa mshindi kila kitu, inazichana jamii zetu, akapendekeza siasa ya maafikiano kwa mfano wa mabaraza ya Waashanti, ambamo watu walijadiliana hadi wapatane. Mkenya aliyeupitia mwaka 2008 ataielewa haraka. Wiredu hakutetea chama kimoja, alikipinga. Tatizo ni kwamba wenye nguvu husikia wanachotaka kusikia. Uganda ya Museveni ilijiita mfumo usio na vyama hadi kura ya maoni ya mwaka 2005, na hoja ya kutowagawa watu ndiyo iliyotumika kuwazuia wapinzani kujipanga. Nyerere naye alikitetea chama kimoja kwa kumbukumbu ya wazee chini ya mti. Haikuulizwa vya kutosha nani hakualikwa chini ya mti huo: wanawake, vijana, watumwa, wageni. Maridhiano ya Zanzibar, yaliyopitishwa kwa kura ya maoni ya Julai 31, 2010, yalikuwa mfano mwaminifu zaidi, kwa kuwa vyama vya CCM na CUF vilibaki na tofauti zao na kukubaliana tu namna ya kugawana serikali. Nayo hayakumaliza miaka sita. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifutwa, CUF wakasusia marudio ya Machi 2016. Maafikiano ya wakubwa hayakuwa yamefundishwa kwa wadogo, na wakubwa wenyewe hawakuyaheshimu.

Elimu ya uraia kwa watu wazima ina kipimo, na kipimo hicho kinashusha matumaini mahali pake. Miaka ya 2006 na 2007 Kenya iliendesha awamu ya pili ya mpango wa kitaifa wa elimu ya uraia: warsha, maigizo, mikutano ya vijijini. Kisha nchi ikawaka, na mtu angeweza kusema kwamba pesa zote zimepotea. Mtaalamu wa siasa Steven Finkel na wenzake walichunguza walioshiriki na wasioshiriki. Waligundua kwamba mafunzo yaliongeza ujuzi na ushiriki, lakini athari yake katika kuwafanya watu kwa jumla waithamini demokrasia zaidi haikuwa thabiti. Tofauti ilionekana kwa walioathiriwa na vurugu. Miongoni mwao, waliokuwa wamepitia mafunzo kabla ya uchaguzi hawakuukatia tamaa mfumo wa siasa kama wenzao, na hawakuwa wepesi kuunga mkono matumizi ya nguvu kwa ajili ya kabila au chama. Mtu aliyechomewa nyumba, akabaki na sababu za kutochoma ya jirani. Faida hiyo ni ndogo kuliko ile tunayoahidiwa kwenye hotuba za ufunguzi wa warsha, na siidharau.

Juni 2024 ilikuja na darasa ambalo halikuwa na mfadhili. Mswada wa Fedha wa Kenya ulikuwa waraka mrefu wa kisheria kwa Kiingereza, ukiwa na mapendekezo kama kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 kwa mkate. Vijana wakauvunja vipande. Waliueleza kwa video fupi, wakautafsiri kwa lugha kadhaa za Kenya, wakaunda programu za akili unde za kujibu maswali kuhusu vifungu vyake, na mijadala ya sauti kwenye mtandao wa X ikaenda hadi usiku wa manane. Walijitangaza kuwa hawana kabila, hawana kiongozi, hawana chama. Juni 25 waandamanaji waliingia Bungeni. Siku iliyofuata Rais William Ruto akasema hatautia saini. Makumi ya watu waliuawa katika majuma yale, na hilo halipaswi kupitwa haraka tunapowasifu.

Sifa za jambo hilo sizipeleki shuleni. Wengi wa vijana wale walipitia 8-4-4, mfumo uliolaumiwa miaka nenda miaka rudi kwa kukaririsha. Walichokuwa nacho ni Katiba ya 2010, inayotaja ushirikishwaji wa wananchi katika Kifungu cha 10, na waraka mmoja uliomgusa mwenye bodaboda wa Kilifi kama ulivyomgusa mwenye duka wa Eldoret. Walibishania kifungu, badala ya kumbishania aliyekitunga ni wa wapi. Watu hujifunza kutoa hoja wanapokuwa na jambo halisi la kuamua, na hii ndiyo sababu kipindi cha uraia kinachoorodhesha nembo ya taifa, wimbo wa taifa na sifa za raia mwema hakizai kitu.

Ningekuwa na uwezo, ningeanza na mtihani kabla ya mtaala. Mtaala wa Umilisi, ulioenezwa Kenya kuanzia 2019, unaziweka fikra tunduizi na uraia katika umilisi wake saba wa msingi. Mwalimu mwenye wanafunzi 70 hasomi dibaji, anaangalia kitakachopimwa. KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi Kenya, hadi ilipofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, ilikuwa kwa sehemu kubwa ya kuchagua A, B, C au D, na Tanzania mtihani wa darasa la saba umefuata mtindo huo hata katika hisabati. Swali lenye jibu moja sahihi kati ya manne haliwezi kujua kama mtoto anaweza kuieleza hoja ya anayempinga kwa namna ambayo mpinzani mwenyewe angeikubali. Uwezo huo unapimika. Mpe mwanafunzi mgogoro wa malisho kati ya mfugaji na mkulima, mtake aandike kwa haki upande asioupenda. Usahihishaji wake ni wa polepole na ghali, ndiyo sababu haufanyiki.

Kisha lugha. Tanzania humwacha mtoto abishane kwa Kiswahili hadi mwisho wa shule ya msingi, halafu humhamishia Kiingereza kidato cha kwanza, umri uleule anapoanza kuwa na maoni. Wengi hunyamaza wakati huo, na walimu wanajua. Kenya kwa upande wake imekifanya Kiswahili lugha rasmi kwa Katiba huku miswada ikiendelea kuandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo kila mara raia anaitwa kutoa maoni juu ya kitu ambacho lazima kwanza atafsiriwe.

Historia ndiyo inayoogopwa zaidi. Rwanda ilisimamisha ufundishaji wa historia ya nchi shuleni kwa miaka kadhaa baada ya 1994, kwa kuwa hapakuwa na simulizi ambalo mwalimu angelisimulia bila darasa kuumia. Iliporudi, ilirudi na simulizi moja, na sheria dhidi ya itikadi ya mauaji ya kimbari humfanya mwalimu afikirie mara mbili kabla ya kulipokea swali gumu. Siwalaumu sana, wamezika wengi mno kuweza kujaribu-jaribu. Kenya ina nafasi hiyo na imeikalia. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhiwa kwa Rais Uhuru Kenyatta Mei 2013. Ina mauaji ya Wagalla ya mwaka 1984, ina mashamba ya Pwani, ina ushuhuda wa maelfu ya watu. Hata ubishi juu yake ni somo, maana makamishna watatu wa kigeni walikataa kuitia saini sura ya ardhi wakisema imebadilishwa kwa shinikizo. Mwalimu wa historia angetaka nini zaidi? Anao ushahidi unaopingana, kuhusu mahali wanafunzi wake wanapoishi, pamoja na swali la nani aliuhariri na kwa nini.

Wanafunzi wa kwanza wa Mtaala wa Umilisi waliingia Gredi ya 10 Januari 2026. Wengi wao hawatakuwa wametimiza umri wa kupiga kura mwaka 2027. Kura yao ya kwanza ya urais itakuwa 2032. Miaka mitatu ya sekondari ya juu inatosha kusoma sura moja ya ripoti hiyo kwa Kiswahili, darasa la Garissa na darasa la Nyeri, kisha wabadilishane insha na kujibizana. Hakuna sheria inayowakataza walimu. Kwa sasa hakuna pia mtihani utakaouliza, na mwalimu mkuu atataka kujua muda huo umekatwa kutoka somo gani.